Mgongo Ulioibuka Kwenye Trei

Kasikeu, Alhamisi, mwezi wa kumi.

Mawingu yamekaa juu ya kilima tangu asubuhi na hayajatupa hata tone. Ni lile joto la kukausha mate. Mwanangu Mwende amelala mgongoni mwangu, nimemfunga na leso, na ninaandika nikiwa nimeinama kidogo ili asiamke. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, iko motoni na haina haraka. Jioni haijaingia sawasawa, bado naona mistari bila taa.

Nimechoka, lakini leo si uchovu wa kuchota maji.

Leo nimemwona Kilonzo.

Wacha niandike pole pole, kwa sababu nikiruka kitu hata mimi mwenyewe sitaelewa.

Kilonzo ni mume wangu. Aliondoka Mwende akiwa hajaota jino, mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Alisema anaenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akipata atatuita au atarudi. Mwanzoni alikuwa anatuma salamu na watu wa malori. Halafu salamu zikakatika, hivi tu, kama kamba ya ndoo inavyokatika na hujui ilianza kulika wapi. Sasa Mwende anakimbia, anafukuza kuku, anaita kila mwanaume mwenye kofia “baba”, na mimi namvuta mkono nikiona haya.

Hapa sokoni kila mtu ana habari zake. Wengine wanasema alikufa. Wengine wanasema ameoa huko pwani, anakula wali wa nazi na amenona. Mimi sibishani na mtu. Ukiulizwa mara nyingi mume wako yuko wapi, unajifunza kujibu kwa kichwa tu, kichwa kisichosema ndiyo wala hapana.

Ninakaa na mama yake. Mwaitu, ndivyo ninavyomwita, mama yangu. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu wa kitambaa cheupe na Biblia yenye kava la plastiki. Kila jioni anamwombea Kilonzo kwa jina, kwa sauti, na akimaliza hatuzungumzi juu yake tena mpaka jioni nyingine. Tunazungumza juu ya maji, mbaazi, kifua cha Mwende. Nyumba moja, wanawake wawili, na katikati yetu kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Sasa kazi yangu.

Ninafanya kazi kwa Kariuki, mpiga picha, mimi namwita Baba Wanja. Ni mtu wa upande wa Murang'a, alikuja hapa na mke wake baada ya Kilonzo kuondoka, akakodi vyumba viwili nyuma ya posho mill. Chumba cha mbele ni cha picha za kitambulisho, maharusi, na watoto wanaoshikwa kichwa wasiangalie pembeni. Cha nyuma ni chumba cha giza. Amepigilia gunia na blanketi dirishani, kuna taa nyekundu, na trei zimepangwa mezani zikiwa na dawa. Yeye anamulika picha kwenye karatasi, mimi naipokea na kuitia kwenye dawa, naitikisa trei taratibu mpaka picha itoke, naihamisha, naisuuza, naianika kwa vibanio kama nguo. Ikikauka nachukua brashi nyembamba sana na wino, nafunika vile vidoa vyeupe vya vumbi. Mkono wangu hautetemeki. Ndiyo sababu aliniajiri, sikuwa najua kitu kingine.

Lakini Kariuki ana picha zingine, ambazo hakuna mtu wa Kasikeu amemwomba. Anapiga wanaume. Si wanaume waliovaa tai wakishika redio, hapana. Wapasua mawe, wabeba magunia, wachimba visima, wakiwa wamevua shati, uso umegeuzwa ama umemezwa na kivuli. Mkono peke yake. Bega peke yake. Mgongo umejikunja juu ya sururu. Zote ni za nyeusi na nyeupe, ingawa siku hizi ukienda mjini wanakupiga ya rangi. Siku moja nilimuuliza kwa nini asipige za rangi watu wazinunue.

“Mama Mwende,” akaniambia, “rangi inakufanya uangalie shati. Mimi nataka uangalie mtu.”

“Na uso je? Mtu si ni uso?”

“Uso umefundishwa kudanganya. Umezoea kuchekea wageni. Mgongo bado haujaenda shule.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Huyo mzee akianza kuongea juu ya mwanga, hata mke wake anaondoka anaenda kuchambua mchele.

Bila shaka maneno yalitoka. Juzi kwenye foleni ya maji Mama Ndinda, jirani yetu, aliita watu wote wakisikia: “Mama Mwende! Ati kule kwa Mkikuyu unaosha wanaume kwenye karai? Sasa unalipwa au unalipa wewe?”

Watu wakaanguka kicheko. Nikamwambia, “Njoo uone mwenyewe, Mama Ndinda. Ni karatasi tu. Haziombi hata chai.”

“Basi hao ndio wanaume wazuri!” akasema, na hata mimi nikacheka mpaka ndoo ikamwagika.

Lakini nikirudi nyumbani na ndoo kichwani sikuwa nacheka. Kwa sababu kuna kitu ambacho sikumwambia Mama Ndinda na sitamwambia mtu. Siku ya kwanza nilipoona moja ya hizo picha ikitoka kwenye dawa, shingo tu na kipande cha bega, nilisimama hapo na mikono imelowa. Nilikuwa nimesahau kwamba mwanaume ana shingo. Nilikuwa nakumbuka Kilonzo kama jina kwenye maombi, kama swali la watu wa sokoni. Nilikuwa nimesahau mahali pale nywele zinaishia, pale ambapo mtu ukimkaribia ana joto lake.

Nilitikisa trei tu. Mtu mwenye mume anaionea karatasi wivu. Ndipo nilipofika.

Sasa leo.

Kariuki alirudi jana kutoka Makindu na pikipiki yake, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa filamu kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Asubuhi tukaingia chumba cha giza. Mwende nilimwacha kwa Mwaitu. Tulitoa picha chache za watu wakiwa pamoja, nyundo juu, mawe chini. Halafu akasema, “Sasa hii ndiyo nilikuwa nangojea. Tulia nayo.”

Nikaitia karatasi kwenye dawa. Kwanza haiwi kitu, nyeupe kama ukuta wa zahanati. Halafu weusi unatangulia, huwa ndio unatangulia: mfereji wa uti wa mgongo, kivuli cha chini ya bega, mstari wa mkanda. Halafu kijivu kinajaza polepole. Mgongo wa mwanaume, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, amesimama wima, mikono imening'inia, kichwa kimeinama mbele hata hakionekani vizuri. Mgongo mpana. Nikafikiria vilima vya Mbooni asubuhi, jua likija kwa ubavu.

Halafu chini ya bega la kushoto yakaanza kutoka mashamba ya ngazi.

Ndivyo nilivyodhani, kwa sababu bado nilikuwa kwenye vilima. Vijistari vifupi, kimoja chini ya kingine, safu mbili. Safu moja imenyooka. Ya pili inaanza vizuri, halafu katikati inapinda, inakimbia kwenda ubavuni, kama mchanjaji aliyesukumwa kiwiko.

Mikono yangu iliacha kutikisa.

“Mama Mwende! Toa! Inaungua!”

Nikaitoa, lakini ilikuwa imekaa sana kwenye dawa. Imekuwa nyeusi kupita kiasi, mabega yameingia gizani. Lakini zile safu mbili zilibaki, zinang'aa kuliko kitu kingine chochote. Kariuki akaisogeza kwenye taa nyekundu, akanguruma.

“Hii imekuwa usiku. Katupe, tutoe ingine.”

Nikasema pole. Nikaiweka pembeni. Sikuitupa.

Ni lazima nieleze hizo safu, na sijawahi kuziandika mahali.

Kilonzo akiwa mtoto mchanga alishikwa na kifua, akawa anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba. Zahanati ilikuwa mbali na mito ilikuwa imejaa. Mama yake akambeba akampeleka kwa mundu mue, mganga, aliyekuwa akikaa ng'ambo ya kilima. Yule mzee akamchanja chini ya bega, akapaka unga mweusi. Safu ya kwanza mtoto alikuwa hana nguvu ya kulia. Ya pili akazinduka, akapiga teke, wembe ukakimbia. Mama yake akafurahi kwa lile teke kuliko kitu kingine maishani, kwa sababu ndipo alijua atapona.

Hayo yote Kilonzo ndiye aliyenisimulia, naye alisimuliwa na shangazi yake. Mama yake hajawahi kutamka. Baadaye aliokoka, akapanda kanisani kiti kwa kiti mpaka akawa mwenyekiti, na kwetu kanisani mtu aliyekwenda kwa mganga anawekwa kwenye benchi la nyuma mpaka atubu mbele ya wote. Basi akanyamaza. Na Kilonzo akanyamaza pamoja naye. Huyo mtu alikuwa akilima amevaa shati. Aliogelea mtoni na shati. Wakati vijana walikuwa wakifyatua matofali ya kanisa, jua kichwani, wenzake wote vifua wazi wakitaniana, yeye alifunga mpaka kifungo cha shingo, wakamwita Pasta. Alikuwa anamficha mama yake mgongoni mwake.

Na kwangu, mke wake, ilichukua msimu mzima wa mvua kabla hajavua shati taa ikiwa inawaka. Sikumharakisha. Siku alipovua alikaa akinipa mgongo, na mimi nikapitisha kidole kwenye safu iliyonyooka, halafu kwenye ile iliyopinda. Aliponigeukia alikuwa amelowa macho. Nadhani ndiyo siku tulioana. Ile nyingine ilikuwa ya watu.

Kwa hiyo nilijuaje? Hivyo ndivyo nilivyojua. Hakuna mwingine duniani mwenye lile teke.

Nilijikaza. Kariuki akiwa anatoa picha ya pili, nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari, “Huyu naye ni wa wapi?”

“Hawa ni watu wa kupasua mawe pale Makindu, ng'ambo ya reli. Huyu alinitesa! Wenzake wote wamevua, yeye amefunga mpaka shingoni na hilo jua. Nikamwambia sitaki uso wako, sitaki jina lako. Akakataa. Nikamwacha. Baadaye akanifuata mwenyewe, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia nina studio Kasikeu, pale sokoni. Akawasha sigara, akaivuta mpaka ikamchoma kidole. Halafu akavua shati bila kuambiwa, akanipa mgongo hivyo.”

“Hakusema kitu?”

“Alisema, ‘Piga basi.’ Hayo tu.”

Kilonzo hakuwa anavuta sigara.

Kwangu, msimu mzima wa mvua. Kwa Kariuki, sigara moja. Sijui kwa nini hilo ndilo liliniuma kwanza, kabla hata ya kufurahi kwamba yuko hai. Mtu anafikiri ataanguka kifudifudi kumshukuru Mungu, kumbe anasimama kwenye chumba cha giza akiona wivu kwa kamera.

Halafu hasira ikaja. Makindu! Si Mombasa, si ng'ambo ya bahari. Makindu ni hapa chini tu, mtu anateremka na lori la vitunguu asubuhi na jioni amerudi. Amekuwa akipasua mawe karibu hivyo wakati mimi najibu watu kwa kichwa.

Tukatoka nje na picha ya pili, nzuri, kila kitu mahali pake. Kariuki akaianika, akasimama mbele yake mikono kiunoni, akawa anageuza kichwa kama jogoo. Kuna jumba la maonyesho Nairobi ambalo limekubali kuziangalia picha zake, na hii anataka iwe ya kwanza ukutani. Halafu akasema maneno ambayo mpaka sasa yananigonga moyoni.

“Hizo alama, Mama Mwende. Nashindwa kuamua. Watu wa Nairobi watauliza ni nini, wataanza hadithi za ushenzi, mgongo wenyewe wausahau. Chukua brashi yako. Unaweza kuzifuta?”

Ninaweza. Wino kidogo, mkono uliotulia, na ule mgongo unakuwa wa mtu yeyote. Laini. Safi. Mgongo ambao hata kanisa zima lingeutazama na lisiwe na swali. Nilichukua brashi. Nililowesha ncha kwa mdomo kama ninavyofanya siku zote. Na nikawaza, nikifuta hapa, nimemaliza. Hakuna aliyeona. Mwaitu ataendelea kuomba, mimi nitaendelea kujibu kwa kichwa, na huyu mtu wa Makindu atakuwa mpasua mawe fulani tu.

Nikaweka brashi chini.

“Tusizifute, Baba Wanja.”

“Kwa nini?”

“Si ulisema mgongo haujaenda shule? Sasa unataka mimi niufundishe kudanganya?”

Akakuna ndevu. “Hayo maneno yangu nitalipishwa mpaka lini,” akasema. Lakini hakuniambia nizifute tena.

Sikumwambia ni nani. Aliwaahidi wale watu kwamba hakuna atakayewajua, na mimi sitaki avunje ahadi yake kwa sababu ya shida zangu. Nilichukua ile picha iliyoungua, nikaikunja katikati ya kitambaa cha Mwende, nikarudi nyumbani.

Njiani nilikuwa na swali moja tu. Nitamwambiaje mama yake?

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Si ni kusema tu, mwana wako yuko hai? Lakini ataniuliza nimejuaje. Na kwetu kuna kitu tunaita nthoni, ile heshima na haya kati ya watu walioungana kwa ndoa. Mimi siwezi kutaja mwili wa mume wangu mbele ya mama yake. Jina lake hata silitaji ovyo, nasema “baba ya Mwende”. Sasa nimwonyeshe picha ya mwanawe bila shati? Na tena nimwonyeshe mahali pale hasa, kitu ambacho amekificha miaka yote ya kiti chake cha kanisani? Nikimwambia yuko hai, nimemwambia pia kwamba najua. Habari njema haina mlango mwingine wa kuingilia.

Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha ghala, anachambua mbaazi za mbegu, zile za kungojea hii mvua isiyokuja. Mwende alikuwa akila udongo na anajua haruhusiwi.

Nikakaa chini. Nikachambua naye kidogo. Sikuwa na njia, nikasema tu.

“Mwaitu, leo kazini kumetoka picha ya mtu.”

“Wa hao wako wa uchi?”

“Ni mgongo tu.”

“Mgongo na uchi ni ndugu,” akasema, hakuinua macho. “Akina mama wameshaniuliza. Nimewaambia mke wa mwanangu anafanya kazi ya mikono kama nyinyi.”

Sikujua kwamba alikuwa akinitetea. Nikakunjua kitambaa, nikaiweka picha juu ya ungo, juu ya mbaazi, nikageuza uso wangu kuangalia mbuzi wa jirani. Ndiyo njia pekee niliyoona ya kuwa na adabu.

Nilisikia mbaazi zikiacha kuanguka.

Nilipoiba jicho, nikaona hakuwa ameigeuza wala kuisukuma. Kidole chake, kile kilichopinda kwa baridi yabisi, kilikuwa kinatembea. Kikapita safu iliyonyooka hadi mwisho. Kikahamia ile ya pili. Kilipofika pale inapopinda kikasimama.

“Hapa,” akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikiomba wala ikihubiri, “hapa ndipo alipiga teke.”

Sikugeuka. Angejua nalia.

“Yuko wapi?”

“Makindu. Anapasua mawe.”

“Anakula?”

“Mabega yamejaa, Mwaitu. Anakula.”

Akatikisa kichwa, akatikisa tena. Halafu akaanza kusema bila kunitazama, kama anayeongea na mbaazi. “Kila asubuhi akienda shule nilikuwa nakagua vifungo. Hata siku za joto. Kifungo kikikatika nashona kabla hajanywa uji. Watu wakasema, mama msafi huyo.” Akaokota mbaazi moja iliyooza, akaitupa. “Mtoto mdogo, na nimembebesha mimi mzima.”

Hapo ndipo Mwende alikuja mbio, mdomo wote udongo. Akaiona picha. Nilidhani ataikamata airarue. Hakufanya hivyo. Aliangalia, akasimama, akageuka upande, akainua mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka, namna anavyofanya kila jioni nikichutama mbele yake na leso.

Anataka kubebwa.

Mtoto wangu hajui uso wa baba yake. Lakini mgongo anajua ni wa nini.

Bibi yake akamtazama. Mimi nikamtazama. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kulia mbele yangu hata kwenye mazishi ya mume wake, alijifuta macho na ncha ya kitambaa cheupe, akaacha alama ya vumbi la mbaazi shavuni. Akaniambia:

“Mfuate. Mwambie mama yake amesema arudi. Mwambie hata bila shati.”

Halafu akaendelea kuchambua. Picha amekaa nayo. Sikumwomba anirudishie.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, na bado mawingu yamesimama palepale.

Nimekuwa nikijiuliza mchana wote. Alipomwambia Kariuki “Piga basi”, alikuwa anafanya nini? Sehemu moja ya moyo wangu inasema alikuwa anajificha. Alijua mgongo wake haujulikani na mtu, akampa mgeni kile kitu salama. Sehemu nyingine inasema hapana. Alikataa mpaka aliposikia Kasikeu. Hakuweza kuandika, hakuweza kuja, aliona haya ya kurudi na mifuko mitupu baada ya kimya kirefu, basi akatuma sehemu pekee yake ambayo mimi nitaitambua bila kuambiwa. Lakini hakujua kwamba mimi ndiye ninayetikisa trei. Hakujua! Au mtu anaweza kutuma kitu bila kujua atakayekipokea, kama unavyopiga kelele kwenye bonde?

Sitapata jibu hapa jikoni. Na sitaki kujidanganya pia. Inawezekana kuna mwanamke anayempikia. Hizo sigara zilitoka mahali. Inawezekana nikifika atakuwa mtu ambaye sijamzoea, na mimi nitakuwa mtu ambaye hakumtarajia, nimekonda, mikono inanuka dawa. Naogopa. Nimezoea kuwa peke yangu kiasi kwamba sasa nimeanza kuogopa kuacha.

Lakini nitakwenda. Jumamosi lori la vitunguu linateremka, na dereva ni mtu wa kanisa letu. Sitamwambia Mama Ndinda. Sitavaa nguo ya Jumapili. Sitakwenda kumlilia wala kumshika shati mbele ya wenzake, na akiniambia nirudi nitarudi. Mvua ikinyesha nitapanda mbaazi zangu kama mwaka jana. Hilo nimeliamua kabisa, niliandike hapa ili nisije nikalisahau nikimwona.

Nitafanya hivi. Nitafika pale ng'ambo ya reli nitafute mgongo, sitauliza jina. Nitasimama nyuma yake. Sitamwita. Nitafungua leso, nimweke Mwende chini asimame mwenyewe, na mtoto atainua mikono kama anavyojua.

Halafu nione kama ule mgongo utageuka, kama bado una uso.